Mgeni katika Nyumba ya Zabibu

Wenzetu wote walikuwa wakienda Nizwa. Skuli zikifungwa tu, pale Ibra tunapokaa, huku Oman, utaona magari yanapakiwa masufuria, mikeka na watoto, kila mtu anakwenda kuipanda ngome na kusukumana na mbuzi sokoni. Mimi nilikwenda mara moja, ikanitosha. Kila hatua unakutana na mtu wa Malindi, mtu wa Shangani, mtu uliyeachana naye kule Unguja hana ila kanga aliyoivaa, na sasa ana bangili mpaka kiwikoni na mume wizarani. Anakuuliza, "Na wewe, mwenzangu, uko wizara gani?"

Mimi nilikuwa nafagia skuli ya wasichana. Namjibu, "Ya elimu," halafu naondoka kabla hajauliza la pili.

Kwa hiyo mwaka ule mdogo wangu aliponunua pikapu nikamwambia, Nizwa nimewaachia wenyewe. Mimi nipeleke kwenye zabibu.

Wengi hawajui kama Oman ina zabibu, na wanaojua wanafikiri ziko juu ya majabali tu. Lakini ukiiacha lami, ukaipita Samad na mitende yake, ukaingia bondeni ambako gari linakwenda juu ya kokoto kama mtu anayetafuna bisi, viko vijiji vidogo ambavyo kila ua una mzabibu wake. Hakuna ngome, hakuna soko, hakuna anayekuuliza wizara. Kuna falaji, ule mfereji wa maji unaopita baina ya nyumba, na chanja za miti zilizobeba majani, na vichala vinaning'inia mpaka unapita umeinama. Katika kimoja cha vijiji hivyo ndiko alikozaliwa baba yangu.

Sisemi kwamba nilifuata matunda. Nilifuata chumba.

Baba aliondoka huko kijana, akaja Unguja, akafungua duka, akatuzaa. Alikuwa akitusimulia chumba chake cha juu katika nyumba ya udongo, chenye ngazi ya nje na mlango wake mwenyewe, na dirisha linalotazama mizabibu. Mapinduzi yalipokuja, jirani yetu, mtu aliyekuwa akinywa chai kwetu kila alasiri, ndiye aliyewaonyesha wenye mapanga mlango wetu. Baba hatukumwona tena. Mama hakukaa sana baada yake. Nikabaki mimi na mdogo wangu, mtoto mdogo, nikambeba mgongoni mpaka tukavuka Mombasa, na miaka ilipopita na Oman ikafungua milango tukaja huku.

Sasa yule niliyembeba ana mke, ana watoto, ana nyumba ya kupanga, na mimi nalala katika chumba ambacho ndiyo njia ya kwendea jikoni. Mkewe akitaka chumvi ananipita kichwani. Watoto wakitaka maji wananipita miguuni. Sina mume, sina mtoto, na nilichokuwa nakitaka duniani ni mlango ninaoweza kuufunga. Chumba cha baba kilikuwa kitupu. Mwenye kauli juu yake alikuwa shangazi yetu, dada yake baba. Aliwahi kuolewa Unguja zamani, akarudi kwao kabla sijazaliwa, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha bibi zetu, hakijaguswa.

Wifi yangu, mke wa mdogo wangu, alizaliwa Tabora. Watu wake ni wa Sur, upande wa Aija, na katika kijiji cha baba hana hata tone la damu. Nalisema hili mapema kwa sababu ndilo linaloniuma mpaka leo.

Siku ya safari niliamka nikakaanga visheti, nikavitia katika bati, nikavaa buibui langu jipya. Wifi akapanda gari mikono mitupu, kajifunga kanga ya jikoni.

"Wifi, hubebi chochote?"

"Nabeba tumbo," akasema. "Si tunaenda kula zabibu?"

Mdogo wangu akacheka. Huyo hucheka kila mkewe akifungua mdomo. Njiani nikamwambia, "Tukifika, sema na shangazi juu ya chumba."

"Dada, huku hakuna umeme. Utaweza?"

"Nimebeba mtu mzima wa leo mgongoni. Nitashindwa na kandili?"

Akabadili gia. "Nitasema naye," akajibu.

Hakusema. Alichosema, tulipofika, shangazi alipotoka uani na fimbo yake, ni hivi: "Shangazi, nimekuletea dada yangu. Huyu mtu wa Mjini, muangalieni vizuri." Basi. Kwa maneno hayo akanifanya mgeni, akanifungia mlango wa nyumba ya baba yangu, na yeye mwenyewe hajui mpaka leo. Na kama anajua, basi hajali.

Nikampa shangazi shikamoo, nikaubusu mkono wake, nikamkabidhi bati kwa mikono miwili.

"Marahaba, mwanangu. Na zawadi tena? Umejisumbua kwa nini?"

Nikapelekwa sabla, chumba cha wageni, penye zulia jekundu. Takia moja likawekwa mgongoni kwangu, jingine chini ya kiwiko. Dele la kahawa likaja, na sahani ya zabibu zilizooshwa, maji yanametameta juu yake. Mama yangu alinifundisha kwamba nyumbani kwa watu huvamii chakula. Unasema umeshiba, unabembelezwa, ndipo unagusa. Nikala punje mbili tatu. Nikakitikisa kikombe kuonyesha kwamba kahawa imetosha. Shangazi akanitazama kwa kuridhika. "Una adabu," akasema, nami nikaona nimefaulu.

Wifi yangu hakuingia hata ndani. Alisimama chini ya chanja, anachuma na kula pale pale, mbegu anatema pembeni. Nikasubiri shangazi aone. Akaona. Akatoa kichwa dirishani.

"Wewe, binti, hizo mbichi zitakuendesha tumbo. Zilizoiva ziko huku. Na ukishamaliza kutema, niletee ungo ule."

"Ungo upi, shangazi?"

"Ulio mbele ya macho yako. Kipofu weye?"

Wifi akacheka, akachukua ungo. Mimi nimekaa na takia langu. Tangu mama afe hakuna mtu aliyeniita kipofu.

Kutwa nzima nikasikia vicheko jikoni. Wifi alikuwa akisimulia kwamba Tabora zabibu walizijua kwa mapadri tu, wakiambiwa kuwa misheni kuna divai. "Ukimpelekea padri kuku, anakunywa divai mbele yako, wewe anakupa maji."

"Astaghfirullah," shangazi akasema. "Na wewe ulikuwa unaitamani?"

"Mimi nilimtamani kuku wangu."

Nikasikia shangazi anacheka mpaka anakohoa. Nikainuka nikaenda jikoni. Nilipofika mlangoni tu akaniona. "Rudi ukae, mwanangu, moshi utakuharibia buibui." Nikarudi, nikalivua, nikaja na kanga. "La, la. Mikono laini hiyo, utaiunguza." Nikamfungulia viganja vyangu avione, viganja vya mfagiaji, vimeota sugu la mpini wa fagio. "Mashaallah," akasema, akaniwekea ndani yake kikombe cha maziwa.

Wanawake wa jirani wakaja kunisalimia. Nikaletewa sinia, nyama nzuri imeelekezwa upande wangu. Wifi yangu akala jikoni, kwenye sufuria, akagombezwa kwamba kamaliza ukoko ambao shangazi alikuwa kajiwekea. Wale wanawake wakaniuliza kwa Kiarabu habari za safari, habari za afya, kisha wakaniaga kwa kwaheri nyingi. Hakuna aliyeniuliza habari za baba. Habari za baba, nilijua baadaye, shangazi alikuwa akizisimulia jikoni, kwa mtu wa Tabora, huku wanachambua zabibu. Jinsi alivyokuwa akiiba vichala vya jirani. Jinsi alivyoanguka kutoka kwenye chanja akavunjika jino. Mimi ni mwanawe na nilimjua na jino lile lililovunjika. Habari zake nikazipata kwa wifi.

Na si hizo tu. Mimi nilitandikiwa kitanda sabla, shuka mpya. Wifi na watoto, kwa kuwa darini, kule juu ya paa wanakolala wenyeji, watoto wangeweza kuanguka, wakaambiwa walale katika chumba cha baba. Asubuhi akashuka ngazi ile ya nje anajikuna.

"Sista, kile chumba kina nge. Nimelala jicho moja."

"Dirisha lake linatazama mizabibu?" nikamuuliza.

"Dirisha? Kuna kitundu hivi, kimezibwa na gunia. Sijaangalia."

Nikaanza kupanda. Nilikuwa na mguu kwenye kipandio cha kwanza. "Huko vumbi, mwanangu," shangazi akaniita kutoka uani. "Shuka, kahawa tayari." Nikashuka. Na mimi nilivyofundishwa, mtu akikwambia shuka nyumbani kwake, unashuka. Wifi angepanda. Wifi asingeisikia hata sauti yenyewe.

Siku ya tatu nikaona mdogo wangu hana atakachosema. Nikamfuata shangazi mwenyewe. Alikuwa kakaa chini ya chanja, anatenga zabibu za kula na za kukausha.

"Shangazi, nataka kukaa."

"Kaa, mwanangu. Nani anakufukuza?"

"Kukaa moja kwa moja. Katika chumba cha baba."

Mikono yake ikasimama. Akanitazama, akaniwekea kiganja kichwani. "Nyumba nyumba yako," akasema.

Jana yake alipita muuza mafuta ya taa, akaomba maji ya kunywa, na baada ya kupewa aliambiwa maneno hayo hayo. Nikabaki nimesimama nangojea yatakayofuata. Chukua ufagio. Nenda kaliondoe lile gunia. Una wazimu, utakula nini huku. Lolote. Yeye akageuka akaita makaa yaletwe.

Anayejua mila za huku anajua maana yake. Chetezo kikishapitishwa, mgeni anaaga. Akatia udi mzuri, ule anaouficha sandukuni, nikasikia harufu yake kabla moshi haujanifikia. Akanifukiza mwenyewe, chini ya buibui, mikononi, akanifungua ushungi akazifukiza nywele. Akachukua mrashi akanimiminia marashi viganjani. Kwa heshima, kwa mapenzi, taratibu, kama anayemtoa bibi arusi.

Wifi akapita na kikapu cha zabibu kichwani, akaingiza pua kwenye moshi. "Na mimi, shangazi."

"Wewe unakwenda wapi? Zabibu ataanika nani? Pita huko, utaniangushia makaa."

Ndivyo nilivyojua. Wifi na watoto watabaki mpaka zabibu zikauke. Yalikuwa yamekwisha kupangwa jikoni, na mdogo wangu anayajua, kasimama kando ya pikapu anafuta kioo ambacho kilikuwa safi.

Nikamkamata wifi kikapu, nikakiteremsha kichwani mwake, nikakipandisha mwenyewe ngazini mpaka darini. Kulikuwa na mikeka imetandikwa juani, nikapiga magoti na buibui langu nikaanza kutandaza. Kama nilitandaza vizuri au vibaya sijui, hakuna aliyenionyesha. Nyuma nikasikia fimbo ya shangazi, kipandio kwa kipandio, na pumzi yake. Nikasema moyoni, nitukane. Nilikuwa nimezilalia nyingine kwa goti, maji yake yamepenya nguo. Niite kipofu, niite mbuzi, nipige na fimbo hiyo.

Akaja akaangalia. Akainama kwa tabu, akaushika mkono wangu, akaufuta utomvu kwa ncha ya shela yake, kidole baada ya kidole.

"Usijichoshe, mwanangu," akasema. "Gari inakungoja."

Nikawekewa mapajani pakacha la zabibu bora, zimefunikwa majani. Tulipotoka bondeni mdogo wangu akanyoosha mkono. "Nipe kichala kimoja, dada."

"Endesha," nikamwambia.

Nikazila zote mpaka barabara ya Ibra, mbegu natema dirishani, na gari lote linanuka kama nyumba ya harusi. Sikumpa hata punje.

Watu husema mambo ya zamani yasahauliwe. Mimi nawataja. Jirani aliyeonyesha mlango, huyo Mungu atamuuliza. Mdogo wangu aliyeniita mtu wa Mjini. Shangazi, Mungu amrehemu, aliyeninyima matusi yake. Na wifi, ambaye tangu mwaka ule kila kiangazi analala katika chumba cha baba yangu na hakitaki, analalamika nge, analalamika joto, na lile gunia hajaliondoa.

Mwaka ule wa kwanza alirudi Ibra zabibu zilipokwisha kukauka, kaletwa na lori la kijiji, kachomwa na jua, kakonda. Akaketi kwenye kitanda changu, kwa kuwa kiko njiani, akakunja mkono wa gauni.

"Wifi, una bahati wewe, ukienda unapewa takia. Mie tazama alivyonipiga bibi yule. Na mwiko, kisa nimeunguza samli."

Ilikuwa alama ya duara juu ya kiganja, imeanza kugeuka manjano. Nikaushika mkono wake nikausogeza kwenye taa, nikaitazama alama, nikaipitishia kidole, mpaka akauvuta.

"Wifi," akasema, "unaniumiza."