Mguu Usioinuliwa

Nilipokuwa mtoto wa darasa la nne, nilijua kila kitu kuhusu Bibi yangu isipokuwa kifundo cha mguu wake wa kushoto. Sikuwahi kukiona. Mguu ule ulikuwa umevimba tangu nipate akili, kutoka vidoleni mpaka karibu na goti, na upande wa ndani, juu kidogo ya pale kifundo kilipopaswa kuwa, kulikuwa na kidonda kipana kama kiganja changu. Kilikuwa kikikaribia kufunga, halafu kinafunguka tena. Watu wa Hasamba, kijijini kwetu, walikiita donda ndugu, na wakishusha sauti walisema, "Yule bibi alikanyaga."

Huna haja ya kuuliza alikanyaga nini. Kwetu mguu ukivimba bila sababu, basi kuna aliyezika dawa njiani na wewe ukapita juu yake. Bibi mwenyewe aliamini hivyo, tena alikuwa mzee wa kanisa na Jumapili hakukosa benchi la mbele. Alikuwa na sharti lake ambalo hakuna mtu nyumbani aliyethubutu kulivunja: mguu uliokanyaga hauinuliwi. Kitu kile kimetoka ardhini na kinatamani kurudi ardhini. Ukiuinua mguu, kinageuza njia na kupanda moyoni, na hapo umekwisha. Kwa hiyo mchana kutwa alisimama kwenye chanja cha kuanikia akigeuza kahawa, na usiku alilala ameketi kitini, wayo umegusa udongo wa sakafu. Sisi tulimsifu kwa uvumilivu. Leo nikikumbuka kile kiti natamani kulia.

Mwaka ule kidonda kikaanza kunuka. Baba mdogo akampakia kwenye pikipiki, nami nikapandishwa nyuma yake nimshike asianguke, tukaenda zahanati. Nesi alikuwa mama mmoja mnene asiye na haraka. Alikiosha kidonda, akapapasa sehemu ya juu ya wayo kwa vidole viwili, muda mrefu.

"Mapigo yapo, damu inafika vizuri," akasema. "Shida ni kurudi. Mishipa ya kuirudisha juu imechoka, Bibi. Damu inashuka inakaa huku chini, ngozi inavimba mpaka inapasuka. Umesimama miaka mingi mno."

"Nimekanyaga, mwanangu," Bibi akamjibu kwa upole, kana kwamba anamsahihisha mtoto.

Nesi hakubishana. Alisema uvimbe ukipungua atamfunga bandeji ya kukaza, kuanzia vidoleni hadi chini ya goti, na bandeji hiyo ndiyo dawa yenyewe. Lakini kwanza awe analala chali, mguu juu ya mito, juu kuliko moyo, mara kadhaa kwa siku. Bibi akaitikia, "Asante, mwanangu," na mimi niliyemjua nikafahamu kwamba hatafanya. Nje, nesi akamwambia Baba mdogo kidonda kikiendelea kuoza mguu utakatwa. Hakujua kuwa nasikia.

Siku ya tatu, baada ya ugali wa mchana, Bibi alijilaza mkekani barazani, mguu wake nje ya mkeka, juu ya udongo. Alipofumba macho nikaona amelala. Nikaleta mto wangu na magunia mawili matupu ya kahawa niliyoyakunja. Nikaushika mguu kwa mikono miwili. Ulikuwa mzito kama ndoo ya maji, na wa moto. Nikauinua, nikaulaza juu.

Kisha nikakaa nikisubiri nimuue. Sifanyi mzaha. Nilimwamini nesi, na Bibi nilimwamini zaidi. Nilitazama kifua chake kikipanda na kushuka, nikasali Baba Yetu nikaichanganya, nikaanza upya. Kuku wakapita. Nilisogeza kidole karibu na pua yake kuhakikisha anapumua, si mara moja.

Sijui ilikuwa saa nzima au zaidi. Nilichokiona kwanza ni ngozi kufanya mikunjo midogo pembeni ya kisigino, mahali ambapo siku zote palikuwa pamekaza paking'aa. Halafu mfupa ukajitokeza, polepole, kama jiwe mtoni maji yakipungua. Kifundo. Nikakigusa. Kilikuwa cha mviringo na kigumu, sawasawa na changu. Nimeona mengi tangu hapo, lakini sijawahi kuona kitu kama kile.

Bibi akafumbua macho. Akautazama mguu wake ukiwa juu ya magunia.

"Moyo unapiga bado," akasema. Halafu, "Lete mto mwingine."

Ilichukua miezi. Bandeji ikafungwa na kufunguliwa na kufungwa tena, ngozi ikapakwa mafuta isikauke, na kila asubuhi Bibi alizunguka uwanja mara kumi kwa amri ya nesi. Kidonda kikafunga. Soksi za kubana hakuziacha tena, kwani nesi alimwambia akiziacha kitarudi. Kuhusu kukanyaga hakubadili neno: alikanyaga, ila kile kitu kimeshindwa.

Sasa nafanya kazi Tunduma mpakani, najaza fomu za mizigo, na madereva wa malori wanaokaa kwenye foleni siku nzima hunionyesha miguu yao. Ninawaambia watembee, walaze miguu juu, na wasijifunge bandeji ya kukaza kabla mtaalamu hajapapasa mapigo. Nikimaliza huwasimulia habari ya Bibi, na kwa miaka mingi niliisimulia kama habari ya ushujaa wangu.

Mwaka mmoja kabla hajafariki niliisimulia mbele yake, kukiwa na wageni. Akacheka mpaka akafuta machozi.

"Neema, hivi unadhani nilikuwa nimelala? Mtu anakamatwa mguu wenye donda, atalala?"

"Sasa mbona hukunikataza, Bibi?"

"Nilisikia mikono yako inatetemeka. Nikasema, huyu mtoto anajua ataniua, na bado anainua. Basi nikafumba macho, nikasubiri kufa."

Mchana wote ule barazani tulikuwa wawili tukisubiri kifo kimoja, mimi macho yakiwa wazi na yeye akiwa ameyafumba kwa makusudi, na hakuna kati yetu aliyeushusha mguu.