Mandazi ya Idi Bila Sukari

Juzi dukani Ntinda, hapa Kampala, mama mmoja alilalamika, "Sikukuu gani hii, sukari bei juu?" Nikamkumbuka bibi yangu mzaa mama. Enzi za utawala wa wanajeshi, sukari ilipotea mjini, naye akatia ndizi mbivu katika mandazi ya Idi, sisi wajukuu tukiziponda. Harufu ikamleta askari mlangoni.

"Mama, sukari ya magendo iko wapi?"

Bibi akampa andazi la moto. "Onja kwanza, mwanangu, kisha utafute."

Akala matatu, akachungulia bakuli la ndizi, akaangua kicheko. Akaegemeza bunduki ukutani, akakunja mikono ya shati.

"Fundisha mimi. Mke yangu nalia sukari kila siku."

Nchi nzima iliogopa askari. Jikoni kwetu huyu aligombezwa na bibi kwa kuacha mabonge ya ndizi, akajibu, "Ndiyo, Mama."