Kazi Ikiisha, Utakuwa Mtu wa Nani?

Nakumbuka mpaka leo mchana ule kijijini kwetu Masieda, Mbulu, baba yangu alipomuuliza bosi wangu swali nikatamani ardhi inimeze.

Mwanangu, jana ulinipigia simu kwa furaha kwamba kampuni yenu inakuhamishia kwenye tawi lake la ng'ambo. Nimefurahi mno. Ila kabla hujafunga begi, nisikilize kidogo, maana njia hiyo mimi mama yako mkubwa nimeipita.

Nilikuwa binti, nikipima uotaji wa mbegu kwenye kampuni moja ya kigeni huku Hanang. Wakataka kunihamishia Uholanzi, makao makuu. Nikapanda kwetu Masieda kuaga, kichwa kikubwa namna hii! Baba akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Anayekuchukua ni nani? Aje nimwone."

Unajua desturi ya wazee wetu. Mtu akihamia eneo jipya, hajipachiki tu. Mwenyeji wa kule humsimamia mbele ya wazee, na tangu hapo akiugua au akikwama, mwenyeji ndiye anayeulizwa. Baba aliona Uholanzi nayo ni eneo jipya, basi. Nilimweleza kwamba kampuni haiendi hivyo, kwamba kuna ofisi ya vibali. Akaendelea kupukuchua mahindi yake.

Kwa aibu nikamwambia bosi wangu, Pieter. Sikutegemea, lakini alikuja. Akasema "Shikamoo, mzee" kwa Kiswahili chake cha kuchechemea, akapewa kigoda na sahani ya makande. Baba akamwacha ale ashibe. Kisha akauliza, "Unamchukua kwa kazi, sawa. Kazi ikiisha, kule atakuwa mtu wa nani?"

Pieter akaweka kijiko chini. Alieleza taratibu kwamba kibali changu kingefungwa kwenye kampuni, kazi ikikatika nacho kinakatika. Ila nikikaa kihalali miaka inayotakiwa, ningeweza kuomba ukaazi wa kudumu, wa kwangu mwenyewe. Mimi mwenyewe nilikuwa sijauliza hayo. Nilikuwa nimeuliza mshahara na koti.

"Basi msimamie mpaka aupate," baba akasema.

"Nitamsimamia, mzee."

Nilidhani ni maneno ya kuagana tu. Nikaenda. Sisi watu wa Mbulu tunajiona tunaijua baridi, lakini ile ya kule iliniliza barabarani. Nikazoea. Kisha, muda wa kuomba ukaazi ukiwa bado haujafika, kitengo chetu kikafungwa. Nililala na nguo za kazi siku ile, sina nguvu hata ya kuvua viatu. Kumbe Pieter, ambaye alikuwa amesharudi kwao Uholanzi, alizunguka ofisi baada ya ofisi mpaka kitengo kingine cha kampuni ileile kikanichukua, kibali kisikatike. Nilipomshukuru alisema, "Nilikula makande ya mzee wako. Ningemjibu nini?"

Mwanangu, hebu fikiria. Baba hakuwahi kuvuka mji wa Babati, na neno lake lilikuwa limenishika mkono huko mbali kote.

Siku nilipopewa kadi ya ukaazi nilisimama nje ya ofisi ya uhamiaji mvua ikininyeshea, nikaigeuza na kuigeuza. Picha yangu, jina la ukoo wetu, katika nchi ambayo babu zangu hawakuijua hata kwa jina. Nikampigia baba simu nikilia. Akasema, "Basi sasa na wewe ni mwenyeji. Kigoda unacho?"

Jioni ileile nilinunua kigoda. Wengi wamekikalia tangu hapo, wageni wa kila taifa, na niliporudi nyumbani nilikuja nacho. Ndicho nilichokalia sasa nikiongea nawe.

Kwa hiyo nenda, mwanangu, ila nenda kwa mlango wa mbele. Uliza kibali chako kimefungwa wapi, nani atakusimamia kazi ikiyumba, na lini utaweza kusimama mwenyewe. Usione haya kuuliza. Na ukishapata pako, mfungulie anayekuja nyuma yako.

Mungu akutangulie uendako, akulinde na baridi ya nje na ya moyoni, akurudishe ukiwa mzima. Njoo Jumapili kabla hujaondoka. Na huyo bosi wako, mwambie naye aje. Makande nitapika mimi.