Moto Unaotambaa na Moto Unaokimbia

Mama anayekata nyasi za ng'ombe kwenye kilima chetu hapa Kiseke huongea kwa sauti ya chini, kama yuko kanisani. Kiangazi kilima kikiwaka, sisi hupiga kelele tu, "Moto! Moto!" Yeye hutazama kwanza upepo unalaza nyasi upande gani, anajifuta masizi kwa mgongo wa mkono, halafu anasema, "Unatambaa huo. Kateni matawi mabichi muupige." Tukileta ndoo anatucheka: "Mnataka kuukorogea uji?" Mwezi wa nane nilikuwa nafua, mwanangu amelala ndani, nikamsikia kwa mara ya kwanza akipaza sauti: "Mama Favour, unakimbia huo! Acha nguo, beba mtoto!" Sikuuliza. Nilipofika barabarani na mtoto kifuani, banda langu la kupikia lilikuwa limeshawaka. Jioni nikamfuata kumshukuru. Alikuwa amekaa juu ya jiwe, mundu mapajani, na ile mizigo ya nyasi aliyoiacha akaja kuniita ilikuwa majivu matupu. "Shikamoo, mama." "Marahaba. Mtoto anakohoa?" "Hapana, mama." "Haya, basi," akasema, akaanza kunoa mundu wake.