Mfuko wa Askari Nilioukosea

Natengeneza mifuko katika soko la Kadutu, na kwa miaka mingi nilichojivunia hakikuwa sindano yangu bali macho yangu. Katika marobota ya mitumba hutokea mifuko ya turubai ya majeshi ya zamani, imefifia, haina maandishi, na hata mwenye robota hajui ilitumika wapi. Mimi nilijua. Huu wa kinyago cha gesi, ule wa mkate na kikombe, huu mwembamba wa ramani. Nilitazama bizimu, mkanda na mishono, nikatoa jibu, na watu wakaniamini.

Asubuhi moja ya mvua aliingia kibandani mama mmoja mzee kutoka Mumosho. Alitoa mfuko aliokuwa ameuzungushia kitenge, akauweka juu ya cherehani yangu.

"Papa, banasema weye unajuaka hizi saki. Hii ilikuwaka ya kazi gani?"

Ulikuwa wa mumewe, aliyezikwa wiki mbili kabla. Ujanani mwake, kabla hawajaoana, alikuwa askari, na hakusimulia lolote la siku hizo. Akiulizwa alijibu neno moja tu: "Nilikuwaka nabeba." Mtoto wao wa kwanza, seremala anayeishi mtaa wa Kasha, alikua akiamini kwamba baba yake aliua watu. Tangu awe mtu mzima hakuwahi kula naye. Siku ya mazishi alisimama mbali, akaondoka kaburi halijajaa udongo. Sasa ndugu walikuwa wanajiandaa kumaliza matanga, naye alikuwa amekataa kuja.

"Nikijua baba yake alikuwaka nabeba nini," mama akasema, "pengine mutoto atakuya."

Niliufungua. Ndani mlikuwa na vyumba vitatu vigumu, na kwenye bitana safu za matundu madogo ya sindano, pale palipokuwa pameshonwa kitu kikafumuliwa. Matundu hayo niliyaona. Ungekuwa mfuko ninaotaka kuununua, ningegeuza bitana nje na kuyafuata kwa kidole moja moja. Lakini watu watatu walikuwa wamejikinga mvua kibandani mwangu, wote wananitazama, na mimi nilipenda kutazamwa.

"Maman, hii iko ya risasi," nikasema. "Mwenye kuibeba alikuwaka anakaa karibu na bunduki kubwa."

"Uko na hakika?"

"Hakika kabisa."

Aliuzungushia mfuko kitenge chake polepole, kisha akanishukuru. Alitoka mvua ikiwa bado inanyesha, nami nikarudi kwenye zipu niliyokuwa nashona.

Miezi kadhaa baadaye nilifungua robota jipya nikakuta mfuko wa aina ile ile: turubai ile, bizimu mbili za shaba, vyumba vitatu. Huu haukuwa umefumuliwa. Kwenye bitana kulikuwa na vitanzi vya lastiki, safu kwa safu, vyembamba mno kwa risasi, vinavyotosha chupa ndogo za dawa. Chini kabisa nilipapasa kitu laini. Ilikuwa bendeji, bado imo ndani ya karatasi yake. Niligeuza kifuniko, nikaona alama ya msalaba iliyokaribia kufutika.

Nilikaa chini. Mtu aliyekuwa akibeba mfuko wa namna ile alibeba dawa, na huenda alibeba majeruhi.

Kesho yake nilipanda pikipiki hadi Mumosho. Mama alinikaribisha, akanipa kiti, akasikiliza yote bila kunikatiza.

"Saki niliichoma," akasema. "Nilimwambia mutoto maneno yako. Akasema alijuaka tangu zamani. Matanga tulimaliza bila yeye. Nikaona haifai kukaa mu nyumba."

Niliomba msamaha. Hakunigombeza. Alisema tu, "Enda umwambie weye mwenyewe."

Nilimkuta mwanawe huko Kasha, anapiga randa ubao wa mlango. Nilimwekea mbele ule mfuko wa robota, nikamwonyesha vitanzi, bendeji, alama. Aliitazama bendeji kwa muda mrefu bila kuigusa.

"Ya papa ilikuwaka sawa na hii?"

"Ilikuwa na matundu pahali pa hivi vitanzi."

"Uliyahesabu?"

"Hapana."

"Ile siku ulisemaka uko na hakika kabisa. Na leo?"

Nilitaka kusema ndiyo. Lakini mfuko wenyewe ulikuwa majivu, na matundu niliyokuwa nayakumbuka niliyatazama kwa nusu jicho. Nikamjibu kwamba naamini, ila siwezi kuapa. Akatikisa kichwa, akarudia randa yake. Nilimwachia ule mfuko kwenye benchi, naye hakuukataa wala hakuupokea.

Baadaye mama alinitumia habari kwa jirani yake anayeleta maharagwe sokoni. Mtoto alikuja siku moja peke yake, akala, akaomba aonyeshwe kaburi. Hakusema anaamini nini. Alikaa pale hadi jua likageuka, kisha akarudi Kasha.

Nilifurahi kusikia, lakini furaha hiyo ina kasoro. Kama ningegeuza bitana asubuhi ile, pengine yule mtoto angekaa na ndugu zake siku ya matanga. Siku hizi mtu akiniletea mfuko nisioujua, namwambia sijui, hata kibanda kikijaa watu.