GB Nane za Mzee Bernadi

Mama Loveth hakuzaliwa Mbinga, na Mbinga haikuwahi kumsahaulisha hilo. Alikuja miaka kumi na miwili iliyopita akimfuata mumewe, afisa wa serikali aliyehamishiwa huku kutoka Kilimanjaro. Mume akafariki, binti yao Loveth akaenda chuo, na yeye, Tumsifu kwa jina lake mwenyewe, akabaki na kibanda karibu na stendi, kompyuta moja, spika mbili na kibao cha rangi nyekundu: TUNAINGIZA NYIMBO.

Kazi yake ndiyo hiyo. Unampelekea memori kadi, anakujazia kwaya, ngoma za mganda na kioda, au wale vijana wanaoimba kama wanagombana. Hesabu zote anazo kichwani. Ukimtajia kadi ya GB mbili, kabla hujavuta kiti ameshakwambia zinaingia nyimbo mia tatu na themanini za megabaiti tano tano, na ukibisha atakuhesabia moja moja mpaka ujute.

Wateja wake wazuri walikuwa watu wa kijiji cha Mkumbi. Wakishuka mjini msimu wa kahawa, hawapandi gari la kurudi bila kupita kwake. Ndivyo alivyofika Mzee Bernadi Ndunguru, mkulima mwenye sauti nzito na neno lenye uzito kuliko sauti. Alinunua kadi mpya iliyoandikwa GB nane. Mama Loveth akaichomeka kwenye kompyuta. Mzee, ambaye amezeeka akikodolea macho mshale wa mizani, akainama kwenye kioo na kusoma: saba nukta nne.

"Mama, hapa pameandikwa nane. Kule ndani ni saba na kitu. Nusu nzima imekwenda wapi?"

Kibanda kilijaa watu siku hiyo. Mama Loveth akajibu bila kugeuka, "Ndivyo zilivyo, mzee. Zote ziko hivyo."

Laiti angejua! Maneno hayo hayo ndiyo wakulima huambiwa kwenye mizani kahawa yao ikipungua njiani bila maelezo.  Mzee Bernadi alichukua kadi yake, akapanda gari, na Jumapili baada ya misa akasimama nje ya kigango cha Mkumbi na kutangaza kwamba yule mama wa stendi ni mwizi, anapunguza kadi za watu.

Wiki tatu hakuja mtu wa Mkumbi. Hata wa mjini wakaanza kupita mbali, wanasalimia huku wanatembea. Mama Loveth aliumia, tusifiche. Njaa angeivumilia, lakini kuitwa mwizi mahali ulipomzika mumeo kulimshinda. Alishaanza hata kuulizia nauli ya kurudi kwao. Ila kuondoka na jina hilo hakutaka. Jumapili ya nne akachukua kisado chake cha kupimia unga, akapanda bodaboda, akaenda Mkumbi.

Aliwakuta watu wanatoka misani. Bibi Beatha, mtunza sadaka za mazao, alikuwa amekaa kando ya gunia la maharage akimsubiri mbebaji.

"Shikamoo bibi. Naomba kuazima maharage yako. Nitayapima tu, hapa hapa, na punje haitapotea."

"Marahaba. Pima, mwanangu. Nakuangalia."

Kisha akamgeukia Mzee Bernadi, akamwamkia, na mbele ya watu wote akampa kisado. "Baba, upime wewe, maana mimi mkono wangu hauaminiki. Nipimie visado vinane vya kufuta."

Watu wakacheka kidogo. Mzee hakucheka, lakini kupima anakujua. Alijaza, akafuta juu kwa kiganja, akamwaga kwenye turubai. Mara nane. Watoto wakahesabu kwa sauti.

"Sasa maharage hayo hayo, yapime tena. Safari hii usifute, weka kichwa kidogo."

Mzee akapima akirudishia kwenye gunia, kila kisado kikiwa na kilima chake kidogo juu. Alipofika cha saba turubai lilibaki na mafungu machache. Akayakusanya kwa mikono yote miwili. Hata nusu ya kisado hayakufika.

"Saba na kitu," akasema mtoto mmoja.

"Kuna aliyeiba maharage?" Mama Loveth akauliza. Watoto wakatikisa vichwa. "Basi kadi ndiyo hivyo. Kiwandani wanapima kwa kufuta: baiti elfu moja ni kilobaiti, kilobaiti elfu moja ni megabaiti, megabaiti elfu moja ni GB. Kompyuta inapima kwa kichwa. Kwake kila hatua si elfu moja, ni elfu moja na ishirini na nne. Kichwa kinaongezeka kila ukipanda ngazi, na ukifika kwenye GB, nane za kiwandani inazisoma saba na kitu. Mzigo ni ule ule, baba. Kosa langu ni kwamba siku ile sikukueleza."

Mzee Bernadi alikaa amechuchumaa pale, mikono ina vumbi la maharage. Alimimina mafungu ya mwisho ndani ya gunia polepole, akainuka.

"Hakuniibia," akawaambia watu. "Nilisema hapa hapa kwamba ni mwizi, na leo nasema hapa hapa kwamba nilikosea. Nisamehe, mwanangu."

Mama Loveth alitaka kujibu, lakini Bibi Beatha akamtangulia. 

"Bernadi, wewe unapunjwa kwenye mizani kila mwaka. Mbona hujawahi kusimama hapa ukamwita karani wa mizani mwizi? Huyu ulimwita kabla hata hujamuuliza mara ya pili."

 Mzee angeweza kutafuta kisingizio, lakini hakuwa mwongo.

"Karani ana watu wake," akasema. "Huyu niliona hana ndugu hapa wa kunijibu."

 Bibi Beatha akajiinua kwa taabu, akafunga kanga yake vizuri kiunoni, akatembea hadi alipokuwa Mama Loveth na kumshika mkono.

"Anao," akasema.