Chumba cha Nusu Bei Kando ya Laga

Kazi yangu hapa Kakuma ni kuwatafutia watu vyumba. Shirika ninalofanyia kazi hupokea wageni karibu kila wiki, na wengi wao hulazimika kulala Lodwar kabla ya kupanda ndege. Nimezipigia simu hoteli za Lodwar kwa miaka mingi hadi nazijua tabia zake. Jumatatu hadi Alhamisi ni shida, semina za maofisa hujaza kila kitanda. Ijumaa mchana, maofisa wakishaondoka kwenda Nairobi, bei hulegea. Jumapili ndiyo siku ambayo meneja atakusikiliza hadi mwisho. Mwezi wa sita, serikali ikifunga mwaka wake wa fedha, hata chumba kisicho na dirisha hugombaniwa. Na barua pepe hazisaidii. Piga simu saa kumi jioni, wakati mtu wa mapokezi ameshajua ni vyumba vingapi vitabaki vitupu.

Nilijivunia ujuzi huo. Nausema mapema kwa sababu ndio uliotufikisha, mimi na mama yangu, pale tulipofika.

Mama alikuwa na mtoto wa jicho katika macho yote mawili. Alikaa na dada yangu nje ya Kakuma, na ilifika wakati akawa anawatambua wajukuu kwa kuwapapasa vichwa. Mwezi wa nne tukasikia kwamba madaktari wa macho wangekuja hospitali ya Lodwar kwa wiki moja. Wangemfanyia upasuaji wa jicho moja siku ya Jumatano, na Alhamisi asubuhi tungerudi bandeji ifunguliwe. Tulihitaji chumba kuanzia Jumanne, siku mbaya kuliko zote.

Nikapiga simu saa kumi jioni kama kawaida yangu. Hoteli ya kwanza imejaa, ya pili imejaa. Ya tatu, ambako sikuwahi kumpeleka mgeni, ilinipa chumba kwa nusu ya bei.

"Mbona rahisi hivyo, na ni katikati ya wiki?" nilimwuliza dada wa mapokezi.

"Ni msimu wa mvua, madam. Wageni hawaji sana. Na vyumba vyetu vyote viko chini, mama hatasumbuka na ngazi."

Nilishukuru, nikakata simu haraka kabla hajabadilisha mawazo. Jioni hiyo nilimwambia dada yangu kwamba nimepata kitu ambacho watu wengine hawakijui.

Tulifika Jumanne mchana. Mama aliogopa tangu mlangoni. Hakuwahi kulala katika chumba kinachofungwa kwa ufunguo. Aliuliza ufunguo ukipotea tutatokaje. Aliuliza dirisha liko wapi, nikampeleka, akashika nondo moja moja kwa vidole. Kisha akaanza kuufuata ukuta kwa kiganja, polepole, akiinama na kuinuka, kama anayemkagua ng'ombe anayetaka kumnunua.

"Hapa chini rangi inabanduka," alisema. "Huku juu haibanduki."

Niliinama nikatazama. Palikuwa na mstari, umepakwa rangi mpya juu yake, lakini ulionekana. Ulizunguka chumba chote, sawasawa kama uliopigwa kwa rula, juu kidogo ya goti langu.

"Ni nini?" Mama aliuliza.

"Ni unyevu tu. Bomba lilipasuka."

Sijui kwa nini lilinitoka haraka hivyo. Nilimketisha kitandani, nikatoka, nikamkuta dada wa mapokezi akikunja mashuka. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, mpole, si mtu wa huku.

"Dada, laga iko wapi hapa?"

Hakuuliza kwa nini. Alinyoosha mkono kuelekea ukuta wa nyuma. "Iko hapo nyuma. Lakini ni kavu, madam. Watu wanapita na pikipiki."

"Maji yaliingia lini?"

"Mwaka jana. Mara moja tu."

Mtu aliyelelewa Turkana hahitaji kuelezwa laga. Ni mto wa mchanga, mkavu karibu mwaka mzima, watoto wanacheza ndani yake na mbuzi wanalala humo. Halafu mvua inanyesha mbali, milimani, mahali ambapo huoni hata wingu lake, na maji yanakuja chini ya jua kali. Nimewahi kuona gari likibebwa siku ambayo vumbi lilikuwa bado linapepea. Nilijua haya yote. Nilikaa kwenye ngazi nikapiga simu tena kwa kila hoteli niliyoijua, nikitaja jina la shirika, nikibembeleza. Hakukuwa na kitanda. Kurudi Kakuma kulikuwa na maana kwamba Mama angekosa madaktari.

Tukakaa. Nilihesabu hatua kutoka mlango wetu hadi ngazi ya zege iliyokwenda ghorofani: ishirini na sita. Kila nilipotoka nilitazama anga upande wa milima, na kila mara palikuwa na samawati tupu, na hiyo samawati haikunituliza hata kidogo.

Jumatano asubuhi walimfanyia jicho la kulia. Alitoka akiwa na bandeji nene, na jicho la kushoto halikuwa na faida kwake zaidi ya kujua kama ni mchana. Muuguzi alinishika bega akanipa masharti. Asiiname. Asibebe kitu. Asikohoe kwa nguvu. Maji yasiguse bandeji kabisa, hasa maji machafu, kwa sababu jicho likiingiwa na uchafu sasa huenda likapotea moja kwa moja.

Nilimrudisha chumbani, nikamlaza chali kama walivyosema. Ilikuwa saa nane mchana na joto limekaa juu yetu kama kitu chenye uzito. Nilikuwa nimesinzia kwenye kiti cha plastiki aliposema, "Nyamaza."

"Sijasema kitu, Mama."

"Sikia."

Nikasikia ngurumo. Ilikuwa chini chini, na haikukatika kama ngurumo ya radi inavyokatika. Ilikuwa kama malori mengi yanayopita bila kwisha. Halafu mtu akapiga kelele huko nje, na wa pili akapokea.

Nilikimbilia mlango. Ulikuwa wa chuma, unaofungukia nje, na nilipozungusha kitasa na kusukuma, haukwenda. Nilifikiri nimeufunga kwa ufunguo. Nikauzungusha ufunguo huku na huku hadi ukaanguka, na nilipoinama kuuokota nikaona maji ya rangi ya udongo yakiingia chini ya mlango, yamebeba kinyesi cha mbuzi na vijiti. Ndipo nikaelewa kwamba mlango haukuwa umefungwa kwa ufunguo. Maji yaliyojaa ukumbini ndiyo yaliyoukandamiza.

Nilisukuma kwa bega. Ulifunguka upana wa kidole, maji yakaruka ndani, ukarudi. Nilipiga mayowe ambayo sikujua ninayo. Mama alikuwa ameketi, mikono yake miwili imeifunika bandeji.

"Maji yako wapi?" aliuliza.

"Bado ni kidogo."

"Yako wapi?"

"Kwenye kifundo cha mguu."

Hakulia wala hakuomba. Alipandisha miguu kitandani, akajibana pembeni ya ukuta, mdogo kama mtoto. Nadhani ule utulivu wake uliniogopesha kuliko maji. Niliwaza kwamba nimemleta mama yangu mwenyewe, nimemfungia, na nimechagua mahali hapa kwa sababu palikuwa rahisi.

Kisha mlango ukavutwa kutoka nje. Walikuwa dada wa mapokezi na mpishi wa hoteli, mwanamume mnene aliyevaa aproni, wamesimama kwenye maji yaliyofika juu ya magoti wakivuta kitasa pamoja. "Sukuma, madam! Sukuma sasa!" Nilisukuma, wakavuta, ukafunguka nusu, na maji yakaingia yote kwa pamoja yakanichota viatu.

"Nimbebe mgongoni," mpishi alisema.

"Asiiname! Jicho!"

Alitazama chumba, akakiona kiti cha plastiki kikielea. Alikikamata, tukamketisha Mama, mpishi akashika upande wa mgongo na mimi upande wa miguu. Dada wa mapokezi alitembea kando yetu, kiganja chake kimeifunika bandeji, akirudia, "Usiogope, shosho, usiogope," na sauti yake mwenyewe inapasuka. Zile hatua ishirini na sita sikuzihesabu. Nakumbuka tu kitu kigumu kilinigonga mguu chini ya maji, sikujua ni nini, nikaendelea.

Ghorofa ya juu haikuwa imekwisha kujengwa. Ilikuwa sakafu tupu na vyuma vilivyochomoza juu. Kutoka hapo tuliiona laga, pana kuliko barabara mbili, ikipita na miti mizima. Jua lilikuwa bado linawaka. Dada wa mapokezi alikaa chini akajiinamia.

"Mwenye hoteli alisema tusiwaambie wageni," alisema. "Mimi pia nalala chini, madam. Chumba cha mwisho."

Nilikuwa nimejiandaa kumgombeza. Sikuweza. Mpishi alivua kandambili zake akanisogezea.

Maji yalishuka jioni ile ile, lakini barabara ya kwenda hospitali ilikatika, na Alhamisi hakuna aliyevuka. Hofu ya siku hiyo ilikuwa ya aina nyingine. Niliigusa bandeji kila saa. Upande mmoja ulikuwa na unyevu, na sikujua kama ni jasho, ama matone ya laga. Nilimwuliza Mama kama inauma, akasema hapana. Nilimwuliza tena.

Ijumaa asubuhi tulivuka kwa miguu, tumeshikana na watu tusiowajua. Daktari alinikaripia kwa kuchelewa, kisha akatazama kandambili zangu zilizojaa matope, akachukua mkasi. Alikata bandeji taratibu. Nilitazama ukuta kwa sababu sikuthubutu kumtazama Mama.

"Mbona umevaa viatu vya mwanamume?" Mama aliuliza.

Nililia pale pale, mbele ya wagonjwa wote. Daktari alimmulika jicho, akasema ni safi, akampa dawa ya matone.

Tukiwa tumekaa nje kwenye benchi nilimwambia ukweli. Kwamba haikuwa bomba. Kwamba nilijua tangu Jumanne.

"Mimi pia nilijua," alisema. "Maji yakikaa kwenye ukuta, mkono unajua."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, ungenirudisha nyumbani."

Alikuwa anawatazama watu wakipita, mmoja mmoja, bila haraka.

Bado nawatafutia wageni vyumba, na bado napiga simu saa kumi. Lakini siku hizi naulizia kwanza chumba kiko ghorofa ya ngapi na mlango unafungukia upande gani, na wasichana wa mapokezi wananiona mtu wa ajabu. Mkuu wangu amewahi kuuliza kwa nini mwezi wa nne tunalipa zaidi ya zamani. Nilimweleza, akatia sahihi.

Madaktari wa macho hurudi msimu ule ule wa mvua. Jicho la kushoto la Mama bado halijafanywa. Yeye yuko tayari, amesema hivyo mara kadhaa. Mimi ndiye ninayemwambia tungoje kidogo.